Upana wa Ufa: Hesabu ya Tangi la Maji Mtae

Boriti ya zege inayobeba mzigo wake sawasawa huwa na nyufa. Mwenye nyumba akiambiwa hivyo hushtuka, na fundi aliyeijenga huona ametukanwa, lakini hesabu yake ni fupi. Zege la daraja la 25, ambalo ni la kawaida kwenye majengo yetu, hustahimili kubanwa hadi nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Likivutwa, hukatika kwenye nyutoni mbili na nusu hivi. Kabla ya kukatika, mita moja ya zege hilo hurefuka kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, pengine chini ya hapo. Nondo iliyolala ndani yake, ikianza kubeba mzigo iliyopangiwa, hurefuka zaidi ya milimita moja kwa kila mita. Chuma hakijafika hata robo ya kazi yake, zege linalokizunguka limeshaachia. Anayetaka zege lisilo na ufa kabisa hana budi kulibana kwa nyaya zilizovutwa kwa mitambo, kama inavyofanyika kwenye madaraja makubwa, na gharama hiyo haiwezi kubebwa na zahanati ya kijiji wala darasa la shule ya msingi.

Kwa hiyo swali lenye faida ni la upana. Ufa utafunguka kiasi gani, utatokea wapi, na utaendelea kufunguka au utatulia? Kwa zaidi ya nusu karne wahandisi wamekuwa wakitafuta namna ya kulijibu kabla zege halijamwagwa. Naamini jibu walilolipata, pamoja na upungufu wake, lina faida kubwa zaidi vijijini kuliko tunavyolipa nafasi, na nitalieleza kwa mfano wa tangi la maji la kijiji kama Mtae.

Kutoka Mombo unapanda kwa lami kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita 33 hivi. Kisha unashika njia ya Magamba na Lukozi, kilomita nyingine kama 60 ambazo sehemu kubwa ni barabara ya udongo, mpaka safu ya Usambara Magharibi inapokatika ghafla. Hapo ndipo Mtae ilipo, juu ya mgongo mwembamba wa mlima, mteremko mkali huku na huku, na chini kabisa, karibu mita elfu moja, tambarare kame ya Mkomazi. Siku ya anga safi Kilimanjaro inaonekana. Alfajiri ukungu hufunika kila kitu, saa sita jua linachoma, alasiri upepo unapanda kutoka bondeni, na usiku wa Julai baridi yake si ya kutania. Kijiji kilichokaa mgongoni hakiwezi kuishi bila kuhifadhi maji, na maji huhifadhiwa kwenye zege. Kila mfuko wa saruji na kila nondo imepandishwa kwa lori kwenye kona zile, ndiyo maana hesabu ya kutumia chuma kilekile kwa faida kubwa zaidi ina uzito huku kuliko mjini.

Tuchukue tangi la duara lenye kipenyo cha mita 6, maji ya kina cha mita 3, ukuta wa sentimita 20. Hilo hubeba lita 85,000 hivi, kiasi cha kawaida kwa mradi wa kijiji. Likijaa, maji yanasukuma ukuta kwenda nje na ukuta unavutwa kuzunguka duara lake. Karibu na sakafu, ambako msukumo ni mkubwa kuliko kwingine, kila mita ya kimo cha ukuta inavutwa kwa nguvu ya kilonyutoni 90. Ukiigawa kwa eneo la zege unapata nyutoni 0.45 kwa milimita ya mraba. Zege letu linaachia kwenye mbili na nusu. Maji, hata tangi likijaa pomoni, hayafikishi hata robo ya nguvu inayohitajika kulipasua.

Hata hivyo matangi huvuja. Yeyote aliyezunguka vijijini ameona ile michirizi ya kijani na myeupe inayoshuka ukutani, ikianzia kwenye mistari iliyosimama wima, mara nyingi ikipishana kwa nafasi ya chini ya mita moja. Watu husema maji yamelizidi tangi nguvu. Hesabu inasema mistari ile ilikuwepo kabla tone la kwanza la maji halijaingia.

Iliingiaje? Saruji ikikutana na maji hutoa joto. Ukuta wa sentimita 20 uliofungiwa ndani ya mbao unaweza kupanda kwa nyuzi kama 20 juu ya joto la hewa katika siku yake ya kwanza, na ukapoa kesho yake. Zege likipoa hupungua urefu, sehemu kati ya 10 na 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Lakini ukuta umesimama juu ya sakafu iliyomwagwa wiki kadhaa kabla, imeshapoa, imeshakaza. Ukuta unataka kufupika na sakafu inaukatalia. Baadaye mbao zinabanduliwa, upepo wa Mkomazi unaanza kunyonya maji yaliyobaki ndani ya zege, na ukuta unasinyaa tena. Halafu Julai inaingia na baridi yake, na ukuta unafupika mara ya tatu. Mahali fulani katika mfululizo huo zege changa, ambalo bado halijapata nguvu zake zote za kuvutwa, linakatika kwa wima, kuanzia juu kidogo ya sakafu.

Mambo hayo matatu yanaweza kuwekewa namba. Joto la saruji, nyuzi 20, linatoa sehemu 240 kwa milioni. Baridi ya msimu, tuseme nyuzi 10 chini ya joto la siku ya kumwaga, inaongeza 120. Kukauka kunaleta, kwa makadirio ya kawaida, 250. Jumla ni 610. Sakafu haizuii mwendo wote. Kwa ukuta wa namna hii nusu ni kadirio linalokubalika, kwa hiyo tunabaki na 305. Toa 40 hivi ambazo zege lililo kati ya ufa na ufa huendelea kuzibeba lenyewe, zinabaki 265. Kila mita ya ukuta, basi, ina upungufu wa robo ya milimita na kidogo, na upungufu huo lazima uonekane mahali fulani. Ukikusanyika kwenye ufa mmoja kila baada ya mita tatu, ufa huo utakuwa wa karibu milimita 0.8, na maji yatatiririka. Ukigawanywa kwenye nyufa ndogo zilizo karibukaribu, huenda tangi lisivuje kabisa.

Anayegawanya ni nondo. Zege linapokatika, nguvu yote pale kwenye ufa inahamia kwenye chuma. Kisha, hatua kwa hatua kutoka kwenye ufa, nondo inairudisha nguvu hiyo kwenye zege kwa kushikana nalo kupitia matuta yake. Inahitaji urefu fulani kuirudisha kiasi cha kulipasua zege kwa mara nyingine. Urefu huo ndio unaoamua ufa wa pili utakuwa umbali gani kutoka kwa wa kwanza. Nondo nyembamba zilizo nyingi zina uso mkubwa wa kushikana na zege kuliko nondo nene chache za uzito uleule, kwa hiyo huirudisha nguvu haraka, na nyufa zinakuwa karibu na nyembamba. Kuna sharti moja: chuma kiwe cha kutosha kubeba nguvu inayoachiliwa zege linapokatika. Kisipotosha, nondo inavutika mpaka inalegea, ufa wa kwanza unabaki kuwa wa pekee, nao unafunguka bila kikomo. Ndiyo maana kanuni zote huweka kiwango cha chini cha nondo, na anayekipunguza ili kuokoa fedha anaondoa kitu ambacho hakuna plasta itakayokirudisha.

Kanuni ya Ulaya inayojulikana kama Eurocode 2, katika toleo lake la 2004, inaupata umbali mkubwa kabisa kati ya nyufa kwa kujumlisha vitu viwili. Cha kwanza ni mara 3.4 ya kava, yaani unene wa zege linaloifunika nondo. Cha pili, kwa ukuta unaovutwa wote kama huu, ni 0.34 mara kipenyo cha nondo, ukigawanya kwa uwiano wa chuma na zege linalokizunguka. Umbali huo ukizidishwa na upungufu wa kila mita, unapata upana wa ufa. Sasa tuujaribu ukuta wetu kwa kava ya milimita 40.

Weka nondo za milimita 12 kila baada ya sentimita 20, nje na ndani. Umbali wa nyufa unatoka milimita 858, na upana 0.23. Badilisha uweke nondo za milimita 10 kila baada ya sentimita 14. Uzito wa chuma ni uleule kwa hesabu ya karibu. Umbali unashuka hadi 742, upana 0.20. Weka za milimita 8 kila baada ya sentimita 9, chuma kilekile tena, unapata 623 na 0.17. Hakuna shilingi iliyoongezwa kwenye chuma isipokuwa jasho la kusuka nondo nyingi, na upana umepungua kwa zaidi ya robo. Ukiamua kuongeza chuma, nondo za milimita 10 kila baada ya sentimita 10 zinakufikisha 0.15.

Tofauti ya 0.23 na 0.15 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba maji yanayopita kwenye ufa hufuata mchemraba wa upana. Punguza upana kwa nusu, uvujaji unabaki sehemu moja ya nane. Kutoka 0.23 hadi 0.15 uvujaji unapungua zaidi ya mara tatu. Na chini ya kiasi fulani zege hujitibu: chokaa iliyo ndani ya saruji huyeyuka kwenye maji yanayopita, inakutana na hewa ya ukaa, na kugeuka kuwa mawe membamba meupe yanayoziba njia. Hiyo ndiyo asili ya ile mistari myeupe ukutani. Mstari mweupe mkavu ni habari njema, ufa umejifunga. Mstari mweupe wenye unyevu ni ufa ambao bado unapambana. Kanuni ya Uingereza ya matangi, BS 8007 ya 1987, iliweka kikomo cha milimita 0.2 kwa sababu hiyo. Kanuni ya Ulaya iliyoifuata ni makini zaidi: inaanza na 0.2 pale kina cha maji kisipozidi mara tano ya unene wa ukuta, na kushuka taratibu hadi 0.05 kina kikifika mara 35. Tangi letu lina kina cha mara 15 ya ukuta wake. Kikomo chake chini kabisa, kwa mizani hiyo, ni 0.15. Ukuta wa nondo za milimita 12 kila sentimita 20, ambao wengi wetu tungeuona ni mzito wa kutosha, haufaulu.

Sasa niseme udhaifu wa hesabu hii, maana anayeiuza kama uhakika anadanganya. Nyufa hutawanyika. Hata maabarani, boriti zilizomwagwa kwa zege moja na kupakiwa mzigo mmoja hutoa nyufa za upana tofauti, na kamati ya nyufa ya Taasisi ya Zege ya Marekani imekuwa ikitaja mtawanyiko wa asilimia 40 hivi. Hesabu inatoa upana ambao nyufa chache tu zitauzidi. Haiahidi kwamba ufa wa tatu kutoka mlangoni utakuwa 0.17. Kwa miaka mingi Wamarekani walitumia kanuni ya Gergely na Lutz ya 1968, iliyopatikana kwa kukusanya vipimo vingi vya boriti na kutafuta mlingano unaoendana navyo. Katika kanuni zao za 1999 waliacha kumtaka mhandisi akokotoe upana, wakabaki na kikomo cha nafasi kati ya nondo. Walikuwa na hoja mbili: upana hautabiriki kwa usahihi ambao namba zenye desimali zinaudai, na uhusiano wake na kutu si wa moja kwa moja kama ilivyodhaniwa.

Hoja ya kutu inastahili kutazamwa. Mwaka 1971 Yukimasa Goto wa Japani alivuta nondo zilizozungukwa na zege, akaingiza wino ndani wakati bado zimevutwa, kisha akalipasua zege na kutazama wino ulikopita. Aliona, mbali na nyufa kubwa zinazofika nje, nyufa ndogo nyingi zilizoanzia kwenye matuta ya nondo na kuishia ndani kwa ndani. Zege lililo jirani na nondo, kwa hiyo, linajigawa katika vipasuko vingi vidogo, na ufa mkuu unakuwa mwembamba kwenye chuma kuliko unavyoonekana juu. Tunachopima kwa macho ni upana wa nje, na kadiri kava inavyokuwa nene ndivyo upana wa nje unavyokua. Tazama tena kanuni: kila milimita 10 za kava zinaongeza milimita 34 kwenye umbali wa nyufa. Mhandisi asiye makini anaweza kupunguza kava ili namba yake ipendeze, na kwa kufanya hivyo akaivua nondo ngao yake. Andrew Beeby wa Uingereza, aliyetumia miaka mingi katika suala hili, alieleza mwaka 1978 kwamba ndani ya upana wa kawaida, ubora wa zege na unene wa kava vina uzito zaidi kwa kutu kuliko upana wa ufa. Nakubaliana naye. Chumvi ya bahari inayoila nondo mjini Tanga haifiki Mtae, ingawa zote ni mkoa mmoja. Huku juu adui ni hewa ya ukaa inayopenya polepole kwenye zege lenye vinyweleo, pamoja na unyevu wa ukungu wa kila siku. Zege zito lililoshindiliwa vizuri na kava kamili vinamshinda adui huyo hata ufa ukiwa 0.3.

Kwa nyumba na madarasa, basi, naona njia ya Wamarekani inatutosha: mpe fundi nafasi ya nondo asiyopaswa kuizidi, umpe kava, usimsumbue na milimita za ufa. Kwa tangi hapana. Tangi linaulizwa na maji swali la upana kila siku, na mtu aliyelichora lazima awe amelijibu kwenye karatasi.

Halafu karatasi inakutana na saiti. Hesabu yetu iliamini kava ni milimita 40. Nenda ukatazame siku ya kumwaga. Nondo zimesukwa vizuri, zimefungwa kwa waya, zimesimama. Vijiwe vya saruji vya kuzitenganisha na mbao vilikuwepo jana jioni. Leo baadhi vimeanguka, vingine vilivunjika mtu alipopanda juu ya nondo kwa mguu ili amwage ndoo yake, na kijana aliyeshika vaibreta anaiegemeza kwenye chuma kwa sababu hana pengine pa kuishikia. Upande mmoja nondo zimegusa mbao, upande wa pili zina kava ya sentimita nane. Zege nalo limekuwa zito, toroli limetoka mbali, anayechanganya anaongeza ndoo ya maji ili liteleze. Ndoo hiyo ikizoeleka inaongeza kusinyaa na inapunguza nguvu kwa pamoja. Ile 250 tuliyoiandika kwa ajili ya kukauka inakuwa 400, nasi hatuna habari. Kanuni ya Ulaya imefanyiwa marekebisho makubwa katika toleo la 2023, lakini hakuna toleo litakaloweza kukisia kilichotokea asubuhi hiyo kama hakuna aliyesimama kuangalia.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni maji ya kumwagilia. Zege linahitaji kubaki na unyevu kwa siku saba angalau, na kwenye upepo wa ukingo kama ule wa Mtae linahitaji zaidi ya hapo. Tangi linajengwa mahali ambapo maji hayajafika. Ndiyo sababu linajengwa. Maji ya kulinywesha yanabebwa kichwani, mara nyingi na wanawake walewale waliokuwa wakiyabeba kwa ajili ya kupikia, na mtu akilazimika kuchagua kati ya ndoo ya ukuta na ndoo ya nyumbani, chaguo lake halina lawama. Njia rahisi ni kuacha mbao zisibanduliwe haraka, kufunika ukuta kwa magunia yaliyolowa na juu yake nailoni, na kumwaga zege alasiri ili joto la saruji lisikutane na jua la saa sita. Msimu nao una nafasi yake. Tangi lililomwagwa Julai limeshazaliwa kwenye baridi, na ile 120 ya msimu inakaribia kufutika. Lililomwagwa Februari linaibeba yote. Kuchagua mwezi hakuna gharama, ila ratiba za miradi hufuata mwaka wa fedha.

Taifa zima liliwahi kubishana kuhusu nyufa. Aprili 2017 zilizinduliwa hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, zilizojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa shilingi bilioni 10. Desemba mwaka huohuo picha za nyufa zilisambaa mitandaoni, na wakala ukaeleza kwamba zinazoonekana ni nafasi zilizoachwa makusudi ili majengo yaweze kutanuka na kusinyaa. Mabishano yakawa kama ni nyufa au si nyufa. Kiuhandisi mambo hayo mawili ni ndugu. Nafasi ya kutanukia ni ufa uliopangiwa mahali pake kabla, ukanyooshwa, ukajazwa kitu laini na kufunikwa. Jengo refu likinyimwa nafasi hiyo litajitafutia lenyewe. Nilichokitamani katika mjadala ule ni vitu viwili vya kawaida kabisa vibandikwe ukutani kwa kila mtu kuona: mchoro unaoonyesha nafasi zilipopangwa, na kipimo cha upana kilichochukuliwa mwezi kwa mwezi. Mahali palipo na mchoro na kipimo, mwanafunzi anayeogopa na mhandisi anayetetea wanaweza kuangalia kitu kimoja.

Hofu nayo ina haki yake. Baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, hakuna anayeweza kumwambia mpangaji asijali mstari ulio ukutani kwake. Hesabu niliyoieleza inahusu nyufa za kuvutwa na za kusinyaa peke yake. Haihusu ufa wa mshazari unaoanzia karibu na nguzo na kupanda kuelekea katikati ya boriti. Haihusu ufa wa wima ndani ya nguzo, wala ufa unaofuata urefu wa nondo huku zege likibanduka na kutu ikionekana. Ufa wa namna hizo hauna upana unaoruhusiwa. Watu watoke, mhandisi aliyesajiliwa aitwe siku hiyohiyo. Uwezo wa kutofautisha makundi haya mawili ungeweza kufundishwa kwa mchana mmoja kwa kila kamati ya shule, na sijui kwa nini hatufanyi hivyo.

Kwa tangi la kijiji kazi ni nyepesi zaidi. Tangu sheria ya maji ya 2019, miradi ya vijijini iko chini ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na kila mradi una chombo cha watumiaji maji chenye mtu anayefungua na kufunga vali. Mtu huyo anapita kwenye tangi mara kwa mara. Mpe kadi ya plastiki iliyochorwa mistari ya unene unaojulikana, kuanzia 0.1 hadi milimita 1. Anaiweka kadi juu ya ufa, anausogeza mstari mmoja baada ya mwingine mpaka apate unaolingana, anaandika kwa kalamu ya rangi ukutani palepale: upana, tarehe, na mstari mdogo wa kuvuka kwenye kila ncha ya ufa ili ionekane kama unarefuka. Apime mahali palepale kila mara, kwa sababu ufa mmoja una upana tofauti kila sentimita kumi. Akitaka uhakika wa mwendo, agundishe kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji. Kioo kikivunjika, ufa umesogea.

Vipimo viwili kwa mwaka vinatosha kuanzia: kimoja alfajiri ya Julai, zege likiwa limesinyaa kwa baridi na ufa ukiwa kwenye upana wake mkubwa, na kingine alasiri ya Februari. Tangi liwe limejaa kwa kiasi kilekile mara zote mbili. Ufa uliobaki chini ya 0.2 na mstari wake mweupe ni mkavu uachwe ulivyo, usipigwe plasta, maana plasta itaficha habari tunayoihitaji. Ufa uliozidi hapo lakini hausogei unaweza kujazwa gundi ngumu ya epoksi inayoingizwa kwa shinikizo. Ule unaofunguka Julai na kufunga Februari usijazwe kitu kigumu, kwa kuwa zege litakatika tena pembeni yake msimu ujao. Unahitaji kijazio kinachonyumbuka, kinachowekwa kutoka ndani tangi likiwa tupu, na wakati wa kukiweka ni Julai hiyohiyo ufa ukiwa wazi, miezi mitatu kabla ya vuli.